Unene, Urithi na Kinga ya Mwili: Somo kwa Kamati za Parokia



Somo la robo hii linahusu chembe za urithi, yaani jeni, na namna jeni zinazohusika na unene wa mtu zinavyogusa pia kinga yake ya mwili. Kwa haraka jambo hili laweza kuonekana liko mbali na visima, zahanati na siku za kupima watoto. Tumelichagua kwa sababu katika vikao vya kamati swali moja limekuwa likirudi: kwa nini fedha za lishe zitumike kuzungumzia unene wakati bado tunao watoto waliokonda? Tumelichagua pia kwa sababu ya maneno yanayosemwa kwenye mizani. Mtoto mnene akipimwa, watu hucheka na kumwita mlafi. Mtoto aliyekonda akipimwa, mama yake ndiye husemwa. Utafiti wa miaka thelathini iliyopita unaonyesha kwamba watoto hawa wawili wako karibu zaidi kuliko tunavyodhani, na kwamba wote wawili waweza kufa kwa maambukizi ya kawaida ambayo mtoto mwingine angeyashinda.

Somo ni refu kidogo. Tunashauri lisomwe kwa vipindi viwili, na kama katika kamati yenu yumo muuguzi au mhudumu wa afya, yeye asaidie kufafanua panapohitajika.

Tuanze na maneno yenyewe

Jeni ni kipande cha maagizo ya urithi kilichomo ndani ya seli za mwili. Karibu kila jeni tunayo kwa nakala mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Maagizo hayo yameandikwa kwa herufi za kikemia, na kuna wakati herufi moja tu ikipotea au ikibadilika, kitu kilichoagizwa hakitengenezwi kabisa. Nakala moja ikiharibika, mara nyingi ile ya pili hutosha. Zikiharibika zote mbili, tatizo hujitokeza.

Kinga ya mwili ni jeshi la seli na kemikali linalopambana na vijidudu. Wengi wenu mnaifahamu sehemu moja ya jeshi hili kwa jina, kutokana na miaka ya kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI. Ni seli za CD4. Hizi ndizo huziamrisha seli nyingine, na zikipungua, kifua kikuu, nimonia na kuhara hupata nafasi.

Kisha kuna mafuta ya mwili. Kwa muda mrefu hata madaktari waliyaona kama ghala tu, mahali pa kuweka akiba ya chakula kwa ajili ya siku za dhiki. Ni kweli ni ghala. Lakini ghala hili lina karani wake anayetuma taarifa kila siku kwenye ubongo na kwenye kinga, na habari za karani huyo ndizo kiini cha somo letu.

Panya walioshindwa kushiba

Mwaka 1949, katika Maabara ya Jackson iliyoko Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, walionekana panya wa ajabu. Walikula bila kukoma mpaka wakafikia uzito wa mara tatu ya wenzao. Ilikuwa dhahiri kwamba hali hiyo ni ya kurithi. Baadaye, katika miaka ya 1960, maabara hiyo hiyo ikapata panya wa aina ya pili, wanene vile vile na wenye kisukari kikali.

Mtafiti mmoja wa hapo, Douglas Coleman, alifanya jaribio. Aliwashona panya wawili wawili ubavuni ili damu ya mmoja ipite kwa mwenzake. Panya wa kawaida alipounganishwa na yule wa aina ya pili, aliacha kula akafa kwa njaa. Panya mnene wa aina ya kwanza alipounganishwa na wa aina ya pili, naye aliacha kula. Coleman akafikia uamuzi kwamba katika damu kuna mjumbe anayeuambia ubongo, "akiba ipo, inatosha." Panya wa kwanza hana mjumbe huyo. Wa pili anaye, tena kwa wingi kupita kiasi, ila hana sikio la kumsikia.

Mjumbe alipatikana mwaka 1994. Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, waliitambua jeni iliyoharibika katika panya wa kwanza. Jeni hiyo huagiza homoni inayotengenezwa na seli za mafuta. Waliipa jina leptini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nyembamba. Mafuta yakiwa mengi, leptini huwa nyingi katika damu. Yakipungua, nayo hupungua, na ubongo huelewa kwamba njaa imeingia nyumbani.

Mwaka uliofuata lilipatikana "sikio" lenyewe, yaani kipokezi cha leptini, na hapa ndipo mambo yalipogeuka. Umbo la kipokezi hicho lilikuwa la ukoo mmoja na vipokezi ambavyo seli za kinga hutumia kupeana habari. Tena kilikutwa juu ya seli za kinga zenyewe. Kumbe karani wa ghala hakuwa akiuandikia ubongo peke yake, alikuwa akiliandikia na jeshi. Ikaeleweka kwa nini wale panya wanene wa Bar Harbor walikuwa na tezi ndogo ya thaimasi, ile iliyo nyuma ya mfupa wa kifua ambamo CD4 hukomaa. Mwaka 1998 watafiti wa London walionyesha kwamba panya wa kawaida wakinyimwa chakula kwa muda mfupi, kinga yao hushuka. Wakidungwa leptini, kinga hurudi hata kabla hawajala.

Watoto wawili wa Uingereza

Mambo ya panya yana mipaka yake, na wanakamati wana haki ya kuuliza kama binadamu wanafanana nao. Jibu lilipatikana Cambridge mwaka 1997. Stephen O'Rahilly, Sadaf Farooqi na wenzao walichapisha habari za watoto wawili, binamu, wa familia yenye asili ya Pakistan ambamo ndugu walikuwa wameoana. Binti alikuwa na miaka 8 na kilo 86. Mvulana alikuwa na miaka 2 na kilo 29. Wote walizaliwa na uzito wa kawaida. Unene ulianza katika miezi ya mwanzo, ukaambatana na njaa isiyotulizwa na kitu chochote. Katika damu yao leptini ilikuwa karibu na sifuri, na katika jeni yao kulikuwa na herufi moja iliyopotea, kwenye nakala zote mbili.

Tuliangalie jambo hili kwa jicho la mzazi. Mtoto analia njaa dakika chache baada ya kula, anachukua chakula cha wenzake, na wazazi wakifunga kabati anaumia kweli kweli. Majirani wanaona utovu wa nidhamu. Ndani ya ubongo wa mtoto huyo taarifa iliyopo ni ya mtu ambaye hajala kwa wiki kadhaa. Katika mafundisho yetu ulafi umehesabiwa kati ya vilema vikuu, na ni sawa, lakini kilema kinahitaji hiari, na hapa hiari ya kushiba haikuwepo. Tunasema haya kwa mkazo kwa sababu tunaamini kwamba wapo watoto wa namna hii, ingawa ni wachache sana, waliokwisha kuchapwa viboko kwa sababu ya chakula.

Binti yule alianza kudungwa sindano ya leptini kila siku akiwa na miaka 9. Ndani ya siku chache ulaji wake ulibadilika, na katika miezi 12 alipungua kilo 16.4, karibu zote zikiwa za mafuta. Mvulana aliyefikia kilo 42 akiwa na miaka 3 alikuwa na kilo 32 alipofika miaka 7.

Habari hiyo ya kupungua ndiyo iliyosambaa magazetini. Sisi tunaiona ile ya pili, iliyochapishwa mwaka 2002, kuwa na uzito zaidi kwa kazi zetu. Watafiti hao hao walipima kinga ya watoto hao. Waligundua kwamba CD4 zao zilikuwa pungufu, na kwamba seli hizo zilipochokozwa katika maabara hazikuongezeka wala kutoa kemikali zake ipasavyo. Hawakuwa na VVU. Baada ya matibabu ya leptini idadi ya CD4 ilipanda na seli zikafanya kazi. Mtoto mwenye mwili mkubwa kuliko wote darasani alikuwa na kinga inayofanana na ya mtoto mwenye utapiamlo.

Uturuki nako ilitambuliwa familia yenye hitilafu katika jeni hiyo hiyo. Madaktari walipoandika historia ya ukoo mwaka 1999, walikuta kwamba kati ya ndugu 11 waliokuwa na unene huo wa kupindukia, 7 walikuwa wamefariki utotoni.

Kwa nini mwili ufanye hivi? Maelezo yanayokubalika na wengi ni ya uchumi wa nyumbani. Kinga ni kitu cha gharama. Homa peke yake hula nguvu nyingi, na kutengeneza mamilioni ya seli mpya hula protini. Mwili ukipata taarifa kwamba ghala ni tupu, hukata matumizi. Ukuaji hupunguzwa, balehe huahirishwa, hedhi husimama, na jeshi hupewa posho ndogo. Kwa mtu aliye na njaa ya kweli, mpango huo humsogeza mpaka mavuno. Lakini mtoto asiye na leptini ni kama parokia ambayo mweka hazina wake hasomi taarifa kamwe: sanduku limejaa, na bado kamati inafuta miradi yote kwa kudhani hakuna fedha.

Walio wengi si hivi

Tusije tukaeleweka vibaya. Watu waliothibitishwa duniani kuwa hawana leptini kabisa ni wachache mno. Katika unene wa kawaida, ule tunaouona mijini na sasa vijijini, leptini haipungui. Imejaa tele katika damu, ila ubongo umezoea kelele na hausikilizi tena, jambo linalofanana kidogo na wale panya wa aina ya pili.

Hata hivyo urithi upo. Mwaka 1986 ulichapishwa utafiti wa watu 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wa kupanga, na uzito wao ulifuata wa wazazi waliowazaa, si wa waliowalea. Mwaka 1990 huko Quebec, Kanada, Claude Bouchard na wenzake walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa na jozi 12 za vijana wa kiume, mapacha wa kufanana. Kwa siku 84 kila mmoja alilishwa kalori 1,000 zaidi ya mahitaji yake. Aliyeongezeka kidogo kuliko wote alipata kilo 4.3, na aliyeongezeka zaidi kilo 13.3, kwa ziada ile ile ya chakula. Pacha na pacha wake walielekea kufanana. Kwa hiyo anayesema "mimi nakula kama wewe lakini nanenepa" huenda hasemi uongo.

Jeni zinazohusika katika unene wa kawaida ni nyingi sana, na kila moja huchangia kidogo. Iliyojulikana zaidi, FTO, ilitangazwa mwaka 2007. Mwenye nakala mbili za aina inayonenepesha huwa na wastani wa kilo 3 zaidi ya asiye nayo. Kilo tatu si kitu cha kutisha. Na jeni hazibadiliki katika miaka kumi. Nchini Tanzania tafiti za kitaifa zilionyesha kwamba wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa takriban 18 kwa kila 100 mwaka 2004-05, na 28 kwa kila 100 mwaka 2015-16. Urithi wa akina mama hao ni ule ule wa bibi zao. Kilichobadilika ni soda, mafuta ya kula ya bei nafuu, maandazi ya asubuhi, bodaboda, na kazi ya kukaa.

Na jeshi la kinga linafanya nini katika mwili wa namna hii? Linachanganyikiwa. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani, Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman wakiwemo, waligundua kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kemikali ya kinga iitwayo TNF, ile ambayo kwa kawaida hutolewa panapokuwa na maambukizi. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti yalionyesha sababu mojawapo. Katika mafuta ya mtu mwembamba, seli walaji za kinga hazifiki 10 kwa kila seli 100. Katika mafuta ya mtu mnene sana hukaribia 40. Askari wamepiga kambi ghalani, wanapigana na adui asiyekuwepo, na moshi wa mapigano hayo huizuia insulini isifanye kazi. Hiyo ni njia mojawapo ya kuelekea kisukari.

Wakati huo huo, adui wa kweli akija, jeshi hilo hilo huwa zito. Unene ulionekana kuwa hatari katika mafua ya H1N1 ya mwaka 2009, na tuliuona tena katika UVIKO-19 kuanzia mwaka 2020. Chanjo ya homa ya ini aina ya B huwaachia watu wanene sana kinga hafifu kuliko wengine. Hili halimaanishi wasichanjwe. Lina maana wao ndio hasa wanaohitaji kukamilisha dozi zote.

Herufi moja huko Dhaka

Sasa tugeukie upande wa pili wa mizani, ambako fedha nyingi za wafadhili wetu huelekea. Mirpur ni mtaa wa watu wenye kipato cha chini katika jiji la Dhaka, Bangladesh. Kwa miaka mingi watafiti wa huko, wakishirikiana na William Petri wa Chuo Kikuu cha Virginia, waliwafuatilia watoto wa mtaa huo nyumba kwa nyumba wakichunguza choo chao. Walikuwa wakitafuta amiba, yule mdudu wa kuhara damu. Walijua kwamba watoto wenye utapiamlo huupata ugonjwa huo zaidi. Hawakujua kwa nini watoto wa nyumba zinazofanana, wanaokunywa maji yale yale, hutofautiana.

Mwaka 2011 walichapisha sehemu ya jibu. Katika jeni ya kipokezi cha leptini kuna mahali ambapo watu hutofautiana kwa herufi moja tu. Huu si ugonjwa. Ni tofauti ya kawaida kati ya watu wenye afya, kama tofauti za makundi ya damu. Watoto waliokuwa na ile aina ya pili walikuwa na uwezekano wa karibu mara nne zaidi wa kuambukizwa amiba. Watu wazima wenye aina hiyo nao walipata zaidi jipu la ini litokanalo na mdudu huyo. Leptini, ilionekana, husaidia kuta za utumbo kujilinda, na ujumbe usipopokelewa vizuri mlango hubaki nusu wazi.

Kwa hiyo jeni iliyotafutwa kwa sababu ya unene wa panya wa Marekani ndiyo iliyokuja kusaidia kueleza kuhara kwa watoto maskini wa Dhaka. Tunaona somo hili ni jibu kwa wale wanaosema mradi wa maji "umeshindwa" kwa sababu kaya mbili kati ya kumi bado zinaugua. Watoto hawaanzi wakiwa sawa. Aina ya jeni aliyonayo mtoto hatuwezi kuibadilisha. Amiba akiwa hayumo kwenye maji, aina hiyo haimdhuru.

Karibu zaidi na sisi, katika hospitali ya Mulago, Kampala, watoto waliolazwa kwa utapiamlo mkali walipimwa homoni na vitu vingine kadhaa katika damu wakati wa kupokelewa. Matokeo yalitoka mwaka 2014. Kati ya vitu hivyo vilivyopimwa, leptini iliyo chini sana ndiyo iliyoambatana zaidi na vifo. Watoto hawa hawakuwa na hitilafu ya jeni. Ghala lao lilikuwa tupu kweli, karani alisema ukweli, na jeshi likavunjwa katika saa mbaya kabisa.

Ndiyo maana tunasisitiza kwamba mtoto ambaye utepe wa mkono unaonyesha rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, asihesabiwe kuwa mwenye njaa tu. Ni mtoto asiye na kinga. Huko Malawi lilifanyika jaribio la watoto zaidi ya 2,700 wenye utapiamlo mkali waliotibiwa wakitokea nyumbani. Wote walipewa chakula dawa cha karanga. Wengine waliongezewa dawa ya kuua vijidudu, wengine kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: waliofariki walikuwa 7.4 kwa kila 100 kati ya wasiopewa dawa, na 4.8 kati ya waliopewa amoksilini. Jaribio jingine la Niger, mwaka 2016, halikuonyesha faida katika kupona kwa watoto. Hali za mahali hutofautiana, na kwa sababu hiyo uamuzi wa dawa ni wa zahanati, si wa kamati. Lakini kamati inayogawa unga wa uji peke yake na kumrudisha mtoto mwekundu nyumbani, bila kumfikisha zahanati, imefanya nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ndiyo yenye kuua.

Mambo ya kupeleka kwenye kikao

Tumeulizwa kama vipimo vya jeni viletwe parokiani. Jibu letu ni hapana. Fedha zake zingechimba kisima, na kwa karibu watu wote majibu yasingebadilisha ushauri: mboga, kunde, dagaa, matunda, kutembea, na soda kwa nadra. Ila kuna mtoto mmoja ambaye tungependa asipite bila kuonekana. Ni yule aliyezaliwa na uzito wa kawaida, akanenepa kwa kasi kabla ya kutimiza mwaka, ambaye njaa yake haina mwisho na ambaye anaugua kifua mara kwa mara, hasa kama wazazi wake ni wa ukoo mmoja au kama alikuwepo ndugu yake mnene aliyefariki mdogo. Huyo aandikiwe rufaa ya hospitali kubwa yenye daktari bingwa wa watoto. Matibabu yapo. Leptini ya kutengenezwa ilikubaliwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2014 kwa ugonjwa mwingine unaofanana, na mwaka 2020 ikakubaliwa dawa nyingine, setmelanotaidi, kwa baadhi ya hitilafu za jeni za njia hii. Ni dawa ghali mno, hatufichi. Hata bila dawa, mzazi anayejua kwamba mtoto wake ni mgonjwa humtunza tofauti na anayeamini kwamba mtoto ni mlafi au amelogwa.

Tahadhari moja kwa wanaopenda kununua vitu mitaani na mitandaoni. Vipo vidonge vinavyotangazwa kwa jina la leptini kwamba hupunguza mwili. Leptini ni protini. Ukiimeza, tumbo huisaga kama linavyosaga maharage. Wagonjwa wa kweli hudungwa sindano, na mtu mnene wa kawaida hata akidungwa haimsaidii sana, kwa kuwa tayari anayo nyingi.

Kwa upande wa wafadhili, tunaomba bajeti ya lishe na bajeti ya maji zisigombanishwe tena, wala ya waliokonda na ya wanene. Siku moja ya upimaji, kwa mizani moja, utepe mmoja na muuguzi mmoja, huwapata wote. Gharama ya kuongeza kipimo cha sukari na cha shinikizo la damu kwa akina mama waliowaleta watoto ni ndogo, na mama huyo hatarudi siku nyingine kwa ajili yake mwenyewe.

Kamati zijadili basi haya: ni watoto wangapi wa rangi nyekundu waliofika zahanati katika miezi mitatu iliyopita, na ni wangapi waliishia kwenye ugawaji wa unga? Kaya zinazoendelea kuhara baada ya kisima kufunguliwa zinachota wapi maji ya kunywa, na zinayahifadhi katika chombo gani? Nani hutangaza uzito wa mtoto kwa sauti, na kwa nini? Na mizani yenyewe inawekwa wapi siku ya kupima, uwanjani mbele ya watu wote au ndani ya chumba chenye mlango?